Mahindi ya njano, ukoko mweupe, na siku Mama Njeri aliponikamata

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma nyuzi za wengine na kuondoka bila kuaga. Leo nimeamua kufungua wangu. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Pale ambapo sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki, na pale nilipokuwa mjinga sitapunguza chochote, kwa sababu ujinga ndio sehemu ninayoikumbuka vizuri zaidi.

Kilichonisukuma ni ule ubishi wa wiki iliyopita kuhusu unga uliotiwa vitamini. Mmoja akasema ni dawa ya kupunguza watu. Mwingine, anayejiita mwanasayansi, akamwita mshamba. Nikasoma nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Huyo mwanasayansi nilimjua. Alikuwa mimi, Eldoret, mwaka ule wa ukame wa themanini na nne.

Mliokuwa hai mnajua. Uasin Gishu ndiyo ghala la nchi, na mwaka ule ghala lilikauka. Mahindi yalisimama shambani hadi kiunoni, yakafa yamesimama hivyo hivyo. Halafu malori yakaleta mahindi kutoka ng'ambo, na mahindi yenyewe yalikuwa ya njano.

Mnielewe hapa. Kumpa mtu wa Eldoret mahindi ya kigeni ni kama kumletea samaki mtu wa ziwani. Tayari ni matusi. Sasa yawe na rangi ambayo hajawahi kuiona kwenye ugali.

Maneno yakaanza siku hiyo hiyo. Kwamba huko yalikotoka ni chakula cha nguruwe. Kwamba yametiwa dawa ili wanawake wasizae. Kwamba wanaume ndio walengwa hasa, na baada ya miezi sita utajua mwenyewe. Kila mtu alikuwa na binamu yake mahali fulani ambaye alikuwa ameshajua mwenyewe.

Na siku hizo, kwa vijana wa humu, mtu aliangalia nyuma kabla ya kusema sukari imepanda. Ukisema unga ule ni mbaya, umepinga serikali. Ukisema ni mzuri, umetumwa na serikali. Njia salama ilikuwa ama kuula kimya ama kuutupa kimya.

Mimi sikuchagua kimya. Nilikuwa na degree.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo kikuu mwaka mmoja nyuma, nafundisha chemistry shule moja ya kutwa pale mjini. Nilipanga chumba kimoja Kiplombe, kwenye ploti ya mama mmoja aliyehamia huku kutoka Murang'a. Tulimwita Mama Njeri. Mumewe alikuwa Burnt Forest kwenye viazi ambavyo mvua ilikataa kuvifikia, kwa hivyo ploti, duka dogo la mbele na kuku kama kumi na wawili vilikuwa chini yake.

Ukutani kwangu nilikuwa nimebandika chati ya elementi. Mtu akiingia kuomba kiberiti aliondoka na fosforasi. Nadhani mnaanza kunipata.

Njeri alikuwa mtoto wake wa pekee nyumbani, miaka sita. Mtoto mchangamfu mchana. Lakini nikaanza kuona kitu. Jua likishuka, anabadilika. Anatembea akipapasa ukuta. Jioni moja nilimpa peremende, akanyoosha mkono pembeni ya mkono wangu, akashika hewa.

Mama yake alisema anacheza. Baadaye akasema ni uzembe. Alishampeleka kliniki mara moja, wakamwangalia macho saa nne asubuhi, yakaonekana mazuri kabisa, akarudi naye.

Mimi nilijua ni nini. Chuo kulikuwa na kozi ndogo ya kemia ya chakula, na nilikuwa nimeipita vizuri. Macho yanahitaji vitamini A ili kuona kwenye mwanga hafifu. Ikipungua, jioni ndiyo inayoondoka kwanza. Ukiacha mambo yaendelee, mchana nao utafuata, na huo ukiondoka haurudi.

Vitamini hiyo inatoka kwenye maziwa, mayai, maini, ama mwili unaitengeneza kutoka kwa rangi fulani ya mimea inayoitwa karotini. Ile inayofanya karoti iwe karoti.

Ng'ombe walikuwa wamekauka. Mboga zilikuwa chache. Mayai yote ya Mama Njeri yalikwenda kwenye hoteli moja mjini. Mtoto alikuwa akiishi kwa uji mweupe na ugali mweupe wa yale mahindi ya mwisho yaliyobaki kwenye gunia, na mahindi meupe, wakuu, hayana karotini ya kutaja.

Na pale pale dukani kwa mama yake kulikuwa na unga wa njano ambao hakuna mtu aliyetaka kuununua.

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri sana, kwa mchoro. Mama Njeri alisikiliza akiwa anapanga sabuni kwenye rafu, hakugeuka. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, hii maneno umetumwa nayo na nani?"

Nikasema ni sayansi. Akasema hakuuliza ni nini, aliuliza ni nani. Halafu akasema hata harufu yake haipendi, na mtoto wake si nguruwe.

Nikamwambia harufu iko kwenye akili yake.

Shikeni hilo la harufu. Nitalirudia, na halitanipendeza.

Maneno yangu yalimfikia assistant chief, mtu wa serikali pale mtaani. Sijui aliyeyapeleka ni nani, na siku hizo hukuuliza. Alikuja shuleni, akanikuta nje ya staffroom, akasema amefurahi kusikia kuna msomi anayetetea mahindi ya serikali, na Alhamisi kwenye baraza nitawaeleza wananchi. Haikuwa na alama ya kuuliza mwishoni.

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mimi nilifanya vibaya zaidi ya kukubali. Nilifurahi.

Nikapanga onyesho. Kwa wale ambao hawakusoma chemistry: karotini ni rangi inayopenda mafuta na kukataa maji. Ukiuloweka unga wa njano kwenye maji, maji yatachafuka tu. Lakini ukiuchemsha kidogo kwenye mafuta, rangi inahamia kwenye mafuta. Nilitaka watu waone kwa macho yao kwamba hii ni rangi ya mmea, ile ile ya karoti.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na baridi ile ya Eldoret ya kutoa moshi mdomoni. Watu walifika wengi, labda mia mbili. Nikaweka jiko la makaa juu ya meza. Nikayeyusha mafuta meupe ya kopo, nikatia unga, nikakoroga, nikachuja kwa kitambaa ndani ya glasi. Glasi ya pili nikaweka unga na maji, nikachuja pia.

Kwa baridi ile mafuta yaliganda mbele yao kama vile nimeyaamrisha. Yalikuwa yameingia meupe, yakatoka ya njano kama siagi. Ya maji yalikuwa na ukungu tu. Nikainua glasi zote mbili juu. Nilikuwa nasubiri makofi.

Pale mbele alikuwa ameketi Mzee Tarus. Huyu alikuwa fundi wa kupaka rangi tangu enzi za walowezi. Maghala mengi ya upande ule yalipakwa na mkono wake. Akainuka taratibu, akaomba kuona glasi. Akaizungusha. Akanusa. Akanirudishia kwa heshima kabisa.

"Mwalimu amesema kweli," akawaambia watu. "Haitoki na maji, inatoka na mafuta. Mimi nimepaka miaka thelathini. Hiyo ni oil paint."

Wakuu, sijawahi kusikia kicheko kama kile. Na ubaya wake ni kwamba mzee hakuwa anatania. Alikuwa amefuata ushahidi wangu hatua kwa hatua hadi mahali ambapo mimi sikufikiria kama kuna mlango. Kila mtu pale alikuwa amewahi kujaribu kuosha rangi ya mafuta mikononi kwa maji. Nilikuwa nimewathibitishia, kwa jiko na glasi, kwamba mahindi yao yamepakwa.

Assistant chief hakucheka. Alifunga baraza mapema, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo sayansi ibaki tu shuleni. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Kwa wiki mbili kila Land Rover ya polisi iliyopunguza mwendo nje ilinifanya nikumbuke mama yangu.

Kuanzia siku hiyo mtaani niliitwa Mwalimu wa Rangi. Wengine walisema nimelipwa na wapinzani niwaogopeshe watu. Wengine walisema nimelipwa na serikali ila kazi yenyewe siijui. Hakuna aliyedhani kwamba nilikuwa najitolea.

Sasa niwape siri ambayo baraza lile halikuijua. Nimeibeba muda mrefu.

Mimi mwenyewe nilikuwa sili unga ule.

Kwenye meza yangu kulikuwa na kopo la unga wa njano, mahali ambapo mlango ukifunguliwa linaonekana. Lilikaa pale kama picha ya rais. Lakini kila Jumamosi nilipanda baiskeli hadi Soy, kwa mkulima mmoja tuliyesoma na mdogo wake, aliyekuwa ameficha magunia machache ya mahindi meupe. Nilikuwa nasaga huko huko kwenye posho mill na kurudi na kilo kadhaa kwenye mfuko mweusi wa vitabu, daftari za wanafunzi zikiwa juu.

Kwa nini? Kwa sababu ya barua.

Nilikuwa nimechumbia. Nafula alikuwa nyumbani Bungoma, na aliniandikia kwamba mama yake amesikia mambo kuhusu hayo mahindi na wanaume, na anauliza nakula nini huko. Barua iliandikwa kwa utani. Niliisoma nikacheka kwa sauti, peke yangu, ili chati ya elementi isikie. Jumamosi iliyofuata nikaenda Soy.

Sikuamini yale maneno. Hilo nalisema kwa dhati. Lakini pia sikuwa tayari kuyajaribu kwa mwili wangu. Ya kwangu niliyaita tahadhari. Ya Mama Njeri niliyaita ushamba.

Basi. Siku chache baada ya baraza, jua limezama tu, Mama Njeri akatoka dukani akamkuta Njeri amesimama katikati ya uwanja wa ploti, mikono imenyooshwa mbele, analia bila sauti. Alikuwa ametoka chooni, na choo kiko hatua thelathini kutoka mlangoni. Hakuwa anaona mlango. Hakuwa anamwona mama yake aliyesimama mbele yake.

Mama Njeri akaja kwangu. Hakukaa.

"Nitampikia hiyo kitu yako," akasema. "Lakini utakula kwanza. Kwangu, mimi nikiangalia."

Hiyo ni haki yake. Kwetu, na kwao pia, anayekuletea kitu usichokiamini huonja kwanza mbele yako. Nikakaa kwenye stuli yake, akaleta ugali wa njano na sukuma wiki iliyochemshwa kwa chumvi. Akasimama mlangoni kama mlinzi.

Nikala. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, na yeye hakujua. Ulikuwa na uchungu kidogo nyuma ya ulimi na harufu kama ya sanduku la zamani. Nikasema ni mtamu. Nikaongeza tonge la pili, kubwa, nikiwaza harusi yangu.

Akanitazama kwa muda. Halafu akamkatia mtoto.

Siku nane hivi alimpa ugali ule kila jioni. Siku nane nilikuwa nachungulia. Njeri hakubadilika. Bado alipapasa ukuta. Nikasema tuongeze siku, mwili unachukua muda wake. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua.

Nitawaambia kilichokuwa kinakosekana, na mniruhusu nione aibu kidogo. Nilikuwa nimewaonyesha watu mia mbili, kwa glasi mbili, kwamba karotini haitoki kwenye unga bila mafuta. Tumboni ni vivyo hivyo. Bila mafuta kidogo kwenye chakula, sehemu kubwa inapita tu na kuondoka. Ugali hauna mafuta ya maana. Sukuma ile ilikuwa ya kuchemsha, kwa sababu mafuta ya kopo yalikuwa yameadimika, na kopo moja nililopata nilikuwa nimelimaliza kwenye baraza kumfurahisha assistant chief.

Nilifanya jaribio lile vizuri kabisa, na mtu pekee ambaye hakulielewa nilikuwa mimi. Hata Mzee Tarus alilielewa kunizidi.

Halafu ikaja siku ya ukoko.

Kwenye ploti tulikuwa na bomba moja uwanjani, na sote tuliosha vyombo pale. Mimi nilijihadhari, sufuria yangu niliosha ndani ya beseni na kumwaga maji mbali. Jumapili moja nikachelewa kanisani. Nikaacha sufuria nje ya mlango imejazwa maji, ukoko wa ugali ulainike.

Niliporudi, Mama Njeri alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wangu. Sufuria iko mapajani mwake. Alikuwa amebandua ukoko mzima, mzuri, mviringo kama sahani. Mweupe kama karatasi.

Akauinua mbele yangu, ukaelekea mwanga.

"Mwalimu, hii karotini yako imetoka na maji? Si ulisema maji haiitoi?"

Wakuu, nina shahada. Nimeandika makala kwenye magazeti. Nimebishana na maprofesa. Sijawahi kujibu swali hilo hadi leo.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeshukuru. Aliweka sufuria chini, akaweka ukoko juu ya kizingiti changu, akaenda. Jioni hiyo niliona anachota unga wa njano kwenye debe na kuwamwagia kuku. Njeri alirudia uji mweupe, kile kidogo kilichobaki.

Sasa fikirieni mahali alipokuwa. Mtu aliyemwambia unga huu ni dawa ya mtoto wake, mwenyewe anauogopa. Ningekuwa yeye ningejua hakika kuna sumu. Uvumi wote wa Eldoret haukufanya kile ambacho ukoko wangu ulifanya.

Hatukuongea kama wiki mbili. Kodi niliipitisha chini ya mlango.

Siku moja jioni, taa bado hazijawashwa, nikasikia yowe la mtoto na sufuria ikianguka. Njeri alikuwa amepita moja kwa moja kwenye jiko lililokuwa na chai. Hakuliona. Mkono wake wa kushoto uliungua kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo.

Nilikuwa pale kabla sijafikiri. Tulimwagia maji ya baridi, tukamwagia tena, muda mrefu, hadi akapunguza kulia. Na pale, magoti yakiwa kwenye tope, nikamwambia yote. Soy. Mfuko wa vitabu. Barua ya Nafula. Nikamwambia sikuwa nimetumwa na mtu, na kwamba niliogopa unga kama yeye, ila yeye aliogopa kwa mdomo na mimi niliogopa kwa siri.

Halafu akaniuliza, huku anamwagia mtoto maji, kama kweli nilipanda baiskeli hadi Soy kwa ajili ya hiyo mambo ya wanaume. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa.

"Na mimi nikakuita msomi."

Asubuhi tulikwenda kliniki pamoja. Sharti lake lilikuwa moja, niseme nilichoona, nisiseme chemistry. Kwa hivyo baada ya mkono kufungwa nilisema hivi tu: mchana anaona, jua likizama haoni, anashika hewa, hakuliona jiko lenye moto.

Daktari wa pale, mzee mwenye miwani ya kufungwa kwa uzi, aliweka kalamu chini. Akauliza mtoto anakula nini. Maziwa hakuna. Mafuta hakuna.

"Mayai mko nayo?"

"Tunauza," akasema Mama Njeri.

Kisha mzee akampa chupa ya mafuta ya ini la samaki na kumwandikia kijiko kwa siku. Mafuta, wakuu. Vitamini A ndani ya mafuta. Nilibana mdomo kama nilivyoahidi.

Sasa kuku.

Kuku wale walikuwa wanakula unga wa njano tangu siku ya ukoko. Tulipotoka kliniki Mama Njeri alikataa kupeleka mayai mjini. Akavunja moja kwenye kikaango, kwa mafuta aliyoazima kwa jirani, akaniita. Nilidhani nimekosa tena.

Kiini kilikuwa cha rangi ya machungwa. Miezi yote ya ukame viini vya kuku wale vilikuwa vimepauka kama maji ya limau. Akavunja la pili. Vile vile.

Akaangalia kikaango, akaangalia kuku uwanjani, wanene, wanaparuana, wanataga kila mahali kana kwamba uzazi wao umefunguliwa upya.

"Kuku hawajatumwa na mtu," akasema.

Hilo ndilo baraza lililomshawishi. Mashahidi kumi na wawili, hakuna mhubiri.

Kwa uaminifu niongeze, kwa sababu niliahidi. Nilimwambia siku hiyo kwamba rangi ile yote ni vitamini A. Baadaye nilisoma nikajua si kweli. Sehemu kubwa ya rangi ya kiini ni ndugu wa karotini, wazuri kwa macho kwa njia nyingine, lakini hawageuki kuwa vitamini A. Vitamini yenyewe haina rangi ya kujionyesha. Yaani hata siku niliposhinda nilikuwa nimekosea nusu.

Na ile harufu. Harufu ilikuwepo. Kiini cha mbegu ya mahindi kina mafuta, na mahindi yakisafiri melini miezi na kukaa ghalani na joto, halafu yakasagwa na kungoja rafuni, mafuta hayo huoza kwa hewa na kuwa machungu. Hiyo ni kemia ya mwaka wa kwanza. Mama Njeri aliinusa kwa pua yake, na mimi niliyeisoma kwenye kitabu nikamwambia iko kwenye akili yake. Unga ule haukuwa na dawa wala rangi ya ghala, ila ulikuwa mzee. Laiti ningeanza kwa kusema, "Ndiyo Mama, unanuka, na hii ndiyo sababu," huenda angenisikia siku ya kwanza, na mkono wa Njeri usingekuwa na kovu.

Nilimaliza ukame ule nikila ugali wa njano mezani kwa Mama Njeri, na mayai ya kukaanga siku alizojisikia vizuri. Ilikuwa adhabu na ilikuwa heshima. Sikujua ipi zaidi.

Sikumbuki zilipita wiki ngapi. Nakumbuka jioni yenyewe. Nilikuwa narudi kutoka shule, jua limeshazama upande wa pili wa miti, mwanga umebaki ule wa kijivu ambao hata mimi nilikuwa nachagua pa kukanyaga. Nilikuwa bado mbali na geti, labda hatua hamsini, nimebeba mfuko wangu mweusi wa vitabu.

Nikasikia sauti ya Njeri kutoka uwanjani.

"Mama, Mwalimu anakuja. Amebeba ule mfuko."

Nilisimama barabarani. Alikuwa ameniona. Ameona hata mfuko, kwenye giza lile.

Najua Mama Njeri naye, kule dukani, alikuwa amesikia kile nilichosikia mimi, kwa sababu sauti yake ilipotoka ilikuwa imepasuka katikati.

"Mwambie afungue."

Nikaufungua pale getini. Daftari za Form Two, na chini yake kilo mbili za unga. Njeri akachungulia ndani, bandeji mkononi, akachukua muda wake kama askari wa forodha.

"Ni njano," akamwambia mama yake.

Nikaruhusiwa kuingia.

Wakuu, funzo langu ni fupi. Ukitaka watu waamini chakula, ukile wewe kwanza, na usioshe sufuria kwa siri. Mtu anayeshuku unga hajakataa sayansi, mara nyingi anauliza swali ambalo wewe hujajiuliza. Na kwa wenye watoto: mboga za kijani na vitu vya njano viguse mafuta kidogo, na mtoto akianza kupapasa ukuta jua likizama, mpelekeni hospitali na mseme ni jioni ndipo haoni. Msingoje mtu wa glasi mbili.

Kuhusu lile la uzazi, mimi na Nafula tuna watoto wanne. Mkwe wangu aliacha kuuliza.

Waliokula mahindi yale, nyumbani kwenu mliambiwa yatawafanya nini? Na kuna mwenye mzee aliyekuwa fundi rangi? Semeni hapa chini. Hata wale wa unga wa vitamini mniambie, lakini kabla ya kuandika nendeni kwanza mkaangalie ukoko wa sufuria zenu ni wa rangi gani.